Likizo Imeisha, Uchovu Umebaki

Barua za wasomaji. Anajibu muuguzi mstaafu, Miyuji, Dodoma

Tangu Bunge la Bajeti liahirishwe mwishoni mwa Juni, barua zinazonifikia zimejaa neno moja: nimechoka. Wameandika watumishi wa serikali, walinzi, mpaka kijana wa bodaboda wa Kibaigwa. Kwa msomaji mpya, mimi nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31. Miaka 24 nilikuwa wodini, na saba ya mwisho nilikaa kwenye zahanati ya wafanyakazi, mahali ambapo mtu huja akisema kichwa kinauma, mkikaa dakika kumi anaanza kukusimulia ofisi. Barua za shinikizo la damu na za miguu kuvimba zitasubiri mwezi ujao. Mwezi huu ni uchovu tu.

*

Shikamoo mama. Mimi ni mtumishi wa wizara, nina miaka 38. Ofisi yetu iko Mtumba, nimepanga Nkuhungu. Mke wangu na watoto wawili wako Dar es Salaam kwa sababu na yeye ana kazi yake kule. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kila Ijumaa jioni naenda, Jumapili usiku narudi. Kipindi cha bajeti tulikuwa tunatoka ofisini saa nne usiku, siku nyingine saa sita. Nikajipa moyo kwamba Juni ikiisha nitapumzika. Julai nikachukua likizo ya wiki mbili, nikalala mpaka mgongo ukauma. Niliporudi kazini, siku ya tatu tu hali ikawa ileile. Naamka nimechoka. Nakunywa kahawa vikombe vinne au vitano kwa siku. Juzi nilimfokea kijana wa masijala kwa sababu ya jalada ambalo kumbe lilikuwa mezani kwangu. Kazi hii nilikuwa naipenda, sasa nikiyaona tu yale majengo ya Mtumba moyo unakuwa mzito. Mama, mimi ni mvivu au ni mgonjwa?
Mtumishi, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Mvivu huwezi kuwa. Mvivu hakai ofisini mpaka saa sita usiku akiandaa majibu ya hoja za wabunge. Ugonjwa tutauangalia kwanza, kwa sababu nimeona watu wakisingizia kazi kumbe damu imepungua, au sukari imepanda na hawajui. Wiki hii nenda kituo cha afya upime wingi wa damu, sukari na shinikizo. Mwulize pia mama watoto kama unakoroma kwa nguvu kisha pumzi inakatika na unashtuka. Anayelala hivyo hukaa kitandani usiku kucha na bado anaamka hajapumzika, na dawa ya hilo iko kwa daktari, haipo kwenye kahawa.

Vipimo vikiwa safi, basi soma tena barua yako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu wa kazi uliopitiliza kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kuona utendaji wake umeshuka. Wao hawakuuita ugonjwa. Waliuita hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa vizuri. Wewe umeandika zote tatu bila kuulizwa: unaamka umechoka, moyo unakuwa mzito ukiyaona majengo, na jalada lilikuwa mezani kwako hukuliona.

Hilo la jalada limenikumbusha mbali, ngoja nikusimulie. Nilikuwa na miaka 34, zamu za usiku mfululizo, mtoto mdogo nyumbani. Alfajiri moja niliandika dawa ya mgonjwa wa kitanda cha nne kwenye chati ya kitanda cha sita. Mwenzangu aliyekuja kupokea zamu ndiye aliyeona, kabla dawa haijatolewa. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikalia. Nilikuwa nimetoka likizo mwezi mmoja tu kabla yake, likizo ndefu, nilikwenda kwetu Mpwapwa nikala nikanenepa. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba pumziko haliwekwi ghalani kama mtama ukalichota mwezi wa tatu. Mwili unalitaka leo, na kesho unalitaka tena.

Ndiyo maana likizo yako haikukusaidia. Ulikwenda, ukarudi kwenye saa zilezile, kahawa ileile, Jumapili usiku ileile. Hapo ndipo pa kugusa.

Tuanze na kahawa kwa kuwa ndiyo nyepesi. Ukinywa kikombe saa kumi jioni, saa tatu usiku karibu nusu ya nguvu yake bado inazunguka mwilini. Unalala, ndiyo, lakini usingizi wenyewe ni wa juujuu, asubuhi unahitaji kikombe kingine cha kukuamsha, na mzunguko unaendelea. Usiache ghafla maana kichwa kitakuuma siku mbili tatu na utaghairi. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu, ubaki na viwili, na cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana. Chai ya saa nne na wenzako usiiache, ila si lazima iwe na chapati mbili na sambusa.

Pili, maji. Watu waliohamia Dodoma kutoka pwani hili huwa linawapita kabisa. Dar es Salaam ukitembea unatoka jasho unaliona, unajua una kiu. Hapa hewa ni kavu, na miezi hii ya Juni mpaka Septemba upepo unakausha jasho kabla hujaliona. Mtu anakaa ofisini tangu saa moja na nusu, glasi moja ya maji, ikifika saa nane kichwa kinagonga anasema ni uchovu. Wengine wananiambia maji ya Dodoma yana chumvi hayanyweki. Basi yachemshe, yapoe kwenye mtungi, kamulia ndimu. Beba chupa ya lita moja na nusu na hakikisha inarudi nyumbani tupu.

Chakula cha mchana usikile mezani pa kazi. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu saba kati ya miaka yangu ya kazi niliwaona watu wakila chipsi mayai juu ya majalada, mkono mmoja kwenye kompyuta. Toka. Nenda kwa mama lishe, kula ugali au wali kiasi, maharage, na mboga za majani nyingi. Kama ana mlenda, kula mlenda. Wagogo wameushinda ukame wa nchi hii kwa mboga hiyo. Ukimaliza, zunguka kwa miguu robo saa kwenye kivuli cha majengo. Jioni ukishuka kwenye daladala, shuka kituo kimoja kabla, tembea robo saa nyingine. Siku tano za kazi, nusu saa kila siku, ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaka kwa mtu mzima kwa wiki. Hukununua raba za bei, hukulipia jimu.

Sasa treni. Sitakwambia uache kwenda kwa wanao. Aliyekushauri hivyo, kama yupo, hajawahi kulala chumba kimoja peke yake mji wa watu huku mtoto anamwuliza kwenye simu unakuja lini. Lakini hesabu na mkeo. Wikiendi nne za mwezi, zote nne mwili wako uko njiani, na Jumatatu unaianza ukiwa umelala saa chache. Je, wikiendi moja haiwezi kuwa yao kuja huku? Watoto watapanda treni, wataona Bunge kwa nje, watakula zabibu. Nyingine unarudi Jumapili mchana badala ya usiku, upike, upige pasi, ulale saa tatu. Na ukiwa ndani ya treni, kompyuta ibaki mkobani. Nimewaona vijana wanaofungua kazi treni ikiwa haijaondoka. Zile saa tatu na ushee zingekuwa usingizi au kuangalia nje tu. Ukifika Morogoro unaiona milima ya Uluguru, iangalie.

Mimi baada ya ile alfajiri niliweka jambo moja dogo. Nilikuwa narudi kwa miguu, nikifika siingii ndani. Kulikuwa na mwarobaini uani. Navua viatu, naweka miguu kwenye beseni la maji, nakaa kwenye kigoda dakika kumi bila kuongea na mtu. Watoto walijua: mama bado yuko kazini, akitoa miguu ndiyo amefika. Mwanzoni mama mkwe alinuna, akadhani nawadharau. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa ananiwekea beseni. Nawe tafuta chako, kitu kimoja kinachomwambia mwili kwamba kazi ya leo imekwisha. Simu iwe kwenye kabati la vyombo kuanzia saa tatu usiku.

Kama baada ya wiki sita za kufanya haya moyo bado ni mzito hata Jumamosi ukiwa na wanao, kama chakula hakina ladha, au yanakujia mawazo kwamba ni heri usingekuwepo, hapo usisubiri barua yangu, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Sisi watu wa Dodoma tumezoea kuitaja Mirembe kwa kutishana, mtoto akisumbua anaambiwa atapelekwa Mirembe. Mazoea hayo yamewaumiza wengi ambao wangepona mapema. Ni hospitali, ina wataalamu, na mtu aliyechoka akili ana haki ya tiba kama aliyevunjika mguu.

Na yule kijana wa masijala, mwombe radhi. Mbele ya wale waliosikia ukimfokea.

*

Shikamoo dada. Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, nina miaka 52, naishi Chang'ombe hapahapa Dodoma. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Mchana nashindwa kulala. Chumba ni cha bati, ikifika saa nne asubuhi ni tanuri. Nimeanza kusahau vitu na mkono unatetemeka. Nifanyeje?
Mlinzi wa usiku

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hesabu. Saa 12 mara siku sita ni saa 72. Hata tukitoa saa moja ya kula kila usiku, ambayo hukusema kama unapewa, zinabaki 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida mwisho wake ni 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Wewe za kwako za ziada kwa wiki nne ni 84. Ipo ruhusa ya kufanya zamu ya saa 12 kwa makubaliano ya maandishi, lakini isizidi siku tano kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Toa hati yako ya mshahara uangalie kama zimo.

Najua unachofikiri: nikidai nitafukuzwa. Usiende peke yako. Kaeni walinzi wanne watano mnaopokezana, andikeni barua moja kwa msimamizi, ombeni siku ya pili ya mapumziko tu, msianze na fedha. Ikishindikana, kuna ofisi ya kazi ya mkoa, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kupeleka shauri kule si uhaini. Jambo hili linanikera kwa sababu Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021 walionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Wewe umepita 55 zamani. Mkono ukitetemeka, kapime shinikizo na sukari kesho asubuhi ukitoka lindo, kabla hujafika nyumbani.

Kuhusu kulala. Ukitoka kazini vaa kofia pana, mwanga wa asubuhi usikuingie machoni, maana ndio unaoiambia akili kwamba kumekucha. Ukifika, kunywa uji, usikae kusikiliza habari. Lala mara moja, saa moja au moja na nusu asubuhi, bati halijapata moto. Tandika mkeka sakafuni, saruji ina ubaridi kuliko kitanda. Dirishani tundika kitenge kizito kilicholoweshwa maji. Kwa hewa kavu ya hapa kinapooza chumba kweli, wodini tulifanya hivyo Oktoba na Novemba umeme ukikatika. Joto likikutoa saa tano, usipigane nalo. Toka, oga, kaa kivulini, kisha alasiri lala tena kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kujiandaa. Usingizi wa vipande viwili ni halali. Waambie wa nyumbani kwamba saa hizo ni usiku wako: redio chini, wageni wasubiri.

Kula chakula kizito kabla ya kuingia lindo. Usiku wa manane tumbo nalo linataka kulala, lipe karanga, ndizi na chai isiyo na sukari nyingi. Na ukiwa na usingizi asubuhi usiendeshe baiskeli barabara kuu.

*

Habari za leo, mama. Ninaongoza kitengo chenye watu 11, ofisi iko katikati ya mji. Niliona watu wamechoka, nikaanzisha mazoezi ya pamoja kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikatafuta mwalimu na fulana. Wiki ya kwanza walikuja tisa, sasa wanakuja watatu. Nimekata tamaa. Watanzania hatupendi afya zetu?
Mkuu wa kitengo, Area D

Mwanangu, nia yako ni njema na nakushukuru kwa niaba ya hao 11. Lakini umewapa dawa kwa kuchukua siku yao. Jumamosi asubuhi mama anafua, baba anakwenda kuangalia ujenzi wa kiwanja chake Ihumwa, kijana anataka kulala. Kampeni ya mazoezi ya taifa iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, ilitaja Jumamosi moja tu kwa mwezi, ile ya pili. Wewe umetaka zote.

Ningependa kujua Jumanne yao ikoje. Kikao mnaanza saa ngapi? Kama ni saa tisa alasiri, nusu saa kabla ya kutoka, umejua kwa nini wamechoka. Na lile kundi la WhatsApp la ofisi, ujumbe wa mwisho jana uliutuma saa ngapi? Ukituma saa tatu usiku "si haraka, mtaona kesho", hakuna mtumishi atakayeamini hilo neno si haraka. Ataamka aandike.

Katika zahanati yangu kulikuwa na idara moja ambayo watu wake walikuwa hawaishi kuja. Mgongo, vidonda vya tumbo, kukosa usingizi. Akaja mkuu mpya. Hakuleta mwalimu wa mazoezi. Alihamishia vikao vyote asubuhi, visizidi dakika 45. Saa saba mchana alikuwa anatoka mwenyewe na sahani yake, anakaa chini ya mkungu na wahudumu, na aliyebaki mezani alimfuata akamwambia twende tukale. Saa za kazi zikiisha anachukua mkoba anaondoka, waziwazi, anaaga. Mwezi wa kwanza watu hawakumwamini, wakadhani anawapima. Walikaa mpaka akaondoka ndipo na wao wakaondoka kwa kunyata. Kufikia mwezi wa tatu daftari langu la wagonjwa lilionyesha idara ile imepungua, na waliokuja walikuja na mafua ya kweli. Kazi haikulala, kwa sababu mtu aliyekula akapumzika hatafuti jalada saa nzima.

Fulana zisipotee. Weka mazoezi Alhamisi, nusu saa ya mwisho ya muda wa kazi, ndani ya muda wa kazi nasema, na asiyetaka kuruka atembee. Nunua ndoo mbili za maji zenye bomba uziweke kwenye korido. Na kabla ya yote hayo waite mmoja mmoja uwaulize kitu gani katika wiki kinawamaliza. Wengine watakuambia ni wewe. Pokea.

*

Mama, mimi naendesha bodaboda Kibaigwa, msimu wa mahindi sokoni nafanya kazi toka alfajiri mpaka saa tano usiku. Nakunywa enaji tatu kwa siku ili nisisinzie. Zina madhara?
Kijana wa Kibaigwa

Zina, mwanangu, kwa kiasi hicho. Moyo unadunda, sukari inapanda, na usingizi haujaondoka, umefunikwa tu. Siku utakapofunuka utakuwa kwenye barabara kuu ya malori. Ukijikuta hukumbuki kilomita moja uliyopita, hapo ulikuwa umelala macho wazi. Simamisha pikipiki, mwambie abiria ukweli, mpandishe kwa mwenzako. Kila siku saa nane mchana, biashara ikipoa, jilaze kijiweni dakika ishirini, mwenzako akulindie ufunguo, nawe umlindie wake. Anza na kuacha ile enaji ya jioni. Baada ya wiki mbili niandikie, uniambie unalala saa ngapi.